285/70R17 kwenye Hilux ya 265/65R17 bila kuinua: anayesema "itagusa" amepima au amesikia?

#1 Kashata Nene

Wakuu, salaam.

Nina madai, sina swali. Hilux iliyotoka kiwandani na 265/65R17 inabeba 285/70R17 juu ya rimu zake zilezile za 17x7.5, ofseti +30 (uso wa kufungia rimu uko mm 30 nje ya katikati ya upana wake), bila kuinua gari. Kila ukigusia jambo hili unajibiwa neno moja: "itagusa". Itagusa wapi? Usukani umekatwa kiasi gani? Gari tupu au ina mzigo? Hakuna anayetaja milimita hata moja.

Hesabu ni nyepesi. 285 mara 0.70 ni ubavu wa mm 199.5, mara mbili 399. Rimu ya inchi 17 ni mm 431.8. Jumla 830.8. Tairi la kiwandani kwa njia hiyohiyo ni 776.3. Tofauti ya kipenyo ni 54.5, yaani 27 mbele ya gurudumu na 27 nyuma yake. Upana umeongezeka 20: kumi ndani, kumi nje. Mwenye vipimo aje navyo. Mwenye "fundi kaniambia" akae pembeni asome.

#2 Nati Sita

Kumi ndani na kumi nje hapana, mkuu. Upana ulioandikwa ubavuni hupimwa juu ya rimu ya kipimo, si juu ya rimu yoyote. 265/65R17 hupimwa kwenye rimu ya inchi 8, 285/70R17 kwenye 8.5. Ukipunguza nusu inchi ya rimu, tairi linabanwa kama mm 5. Kwa hiyo juu ya 7.5 yako la zamani lina kama 260 na jipya kama 275. Unaongeza 7.5 kila upande.

Hiyo ni habari njema kwako. Mbaya ni kwamba 7.5 ndiyo rimu nyembamba kuliko zote inayoruhusiwa kwa 285/70R17, kiwango chake kinaanzia hapo. Ukiwa mkiani hapo, uso wa tairi unavimba katikati kama mgongo wa kobe, na katikati ndiko kashata (vinundu vya uso wa tairi) zitakakoisha kwanza.

#3 Tope la Asubuhi

Kashata Nene, hiyo Hilux itafanana na mtoto aliyevaa viatu vya baba 😂

Watu wote wanaruka saizi iliyo katikati: 265/70R17. Kipenyo 802.8, gari inapanda mm 13, spidomita inapotea asilimia 3.4 tu, rimu hubadilishi, spea inaingia palepale chini. Utambeni uwekwe pembeni.

#4 Mzee wa Difu

Mnapima madigadi mnasahau difu. 830.8 gawanya kwa 776.3 ni 1.07. Kama gari ina difu ya 3.909 (propela inazunguka mara 3.909 gurudumu likizunguka mara moja), ukifunga hayo matairi ni sawa na umebadilisha difu ukaweka 3.65. Kila gia imekuwa ndefu kwa asilimia 7, na hata ile 4L (gia nzito za 4x4) unayoitegemea kushukia mteremko mkali imekuwa nyepesi kwa asilimia 7, breki ya injini inapungua.

Otomatiki utaiona haraka: gia ya juu inaingia, inatoka, inaingia, inatoka kwenye kilima kidogo tu, na mafuta ya giaboksi yanapata moto. Ukitaka kurudisha hali ya mwanzo unahitaji difu ya karibu 4.18, na iliyo jirani ni 4.1. Lazima ubadilishe mbele na nyuma kwa uwiano uleule. Ukibadilisha nyuma peke yake, siku ya kuingiza 4x4 utasikia giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ikivunjika.

Halafu uzito. Tairi la barabara la 265/65R17 lina kama kilo 17. La AT (la lami na porini) la 285/70R17 aina ya LT (la gari za mizigo midogo) linafika kilo 25. Kilo nane kila gurudumu, na zimekaa mbali na kitovu. Breki zinatakiwa kusimamisha hiyo nayo, tena kwa mkono mrefu zaidi.

#5 Mtu wa Lami

Na spidomita itaanza kukudanganya inasoma juu. Utaona 100 kumbe uko 93.

#6 Nati Sita

#5 umegeuza. Tairi kubwa linazunguka mara chache kwa kilomita ileile. Gari inahesabu mizunguko. Kwa hiyo dashibodi inaonyesha 100, wewe uko 107. Kinachopungua ni namba ya kwenye kioo.

Ila usitishike sana. Kwa kanuni ya UNECE namba 39 spidomita hairuhusiwi kusoma chini ya mwendo halisi, kwa hiyo viwanda vinaziweka zisome juu kidogo. Gari nyingi zikifungwa 265/70R17 ndiyo kwanza spidomita inasema ukweli. Kwa 285/70 unavuka upande wa pili. Pima kwa GPS, barabara iliyonyooka, mwendo usiobadilika.

Na odomita inafuata mkumbo. Watu wanalalamika "matairi yanakunywa mafuta" wakati kilomita 100 za dashibodi ni 107 za barabarani. Lita 12 kwa kilomita 100 za kwenye kioo ni lita 11.2 halisi. Sehemu ya ulaji mafuta unaoambiwa ni kosa la hesabu. Sehemu, sijasema wote.

#7 Jeki ya Shamba

Nimesoma hadi hapa hakuna aliyejibu swali la "wapi". Kwenye gari yenye sasipensheni huru mbele kuna sehemu nne:

Ya kwanza na mbaya kuliko zote ni kikombe cha bodi, kile kipande cha chuma kilichochomelewa kwenye chesi nyuma ya gurudumu la mbele, bodi inakaa juu yake na mpira katikati. Kona ya nyuma ya tairi, upande wa ndani au wa nje kutegemea ofseti, inakifuata ukikata usukani. Ya pili, plastiki ya ndani ya madigadi upande wa bampa. Ya tatu, mkono wa juu wa sasipensheni, huu unaguswa na ubavu wa ndani, usukani ukiwa umenyooka au umekatwa kidogo. Ya nne ni spea, na hakuna anayeikumbuka mpaka siku ya pancha.

Namna ya kupima kabla hujatoa hela:

Gari kwenye sakafu tambarare, upepo uwe sawa kwa matairi yote. Pima nafasi kutoka tairi hadi sehemu zote tatu za mbele, usukani umenyooka. Kata kulia hadi mwisho, pima tena gurudumu zote mbili. Kata kushoto, pima. Kisha panda gurudumu moja juu ya gogo au tofali la sentimita 25 hivi, kata tena usukani pande zote, pima. Hapo ndipo springi imebanwa na vipimo vya sakafuni vinakuwa havina maana. Andika kushoto na kulia peke yake, gari nyingi hazilingani.

Toa 27 kwa mbele na nyuma, toa 7.5 kwa ndani. Kilichobaki kikiwa chini ya 10, hesabu kimegusa. Bushi zinacheza, kashata za bega la AT zinatokeza nje, na tope likikauka ndani ya madigadi linachukua nafasi yake.

#8 Rimu Pana

Mnajitesa bure. Chukua rimu za 17x8.5 ofseti 0, tairi linatoka nje, hakuna cha kikombe wala mkono wa juu. Kazi imeisha.

#9 Nati Sita

#8 tufanye hesabu pamoja. Nusu ya inchi 8.5 ni mm 108. Nusu ya 7.5 ni 95.25.

Ndani: ya zamani 95.25 + 30 = 125.25. Mpya 108 + 0 = 108. Umepata mm 17 kuelekea mkono wa juu. Kweli, hapo umeshinda.

Nje: ya zamani 95.25 − 30 = 65.25. Mpya 108. Umetoka nje mm 43 kila upande. Tairi lililo mbali na egemeo lake halizunguki mahali pamoja, linachora duara kubwa. Ukikata usukani, kona yake ya nyuma inarudi kwenye kikombe cha bodi kwa mbali zaidi kuliko mwanzo, na ya mbele inakwenda kwenye bampa. Umeondoa mgusano mmoja umeleta miwili.

Na beringi za habu zinalala na mzigo uliosogea sentimita tatu, usukani unavutwa kila gurudumu moja likigonga shimo, na mawe yanapiga mlango. Kama lazima, ofseti ya +15 hadi +25 kwenye rimu ya 8 ndiyo nafasi ya amani.

#10 Rimu Pana

Na gari zinazotembea hivyo zipo nyingi tu zinatembea.

#11 Jeki ya Shamba

Zinatembea zikiwa zimekatwa kikombe na kuchomelewa bamba. Chungulia chini utaona 😄 Na ukikata, kata kona ya mbele tu, funga kwa bamba la unene uleule, paka rangi ndani kabla kutu haijaanza. Kikombe kilichoachwa wazi ni tundu la maji.

#12 Dereva Zege

Hebu nisaidieni hili. Kuna gari zinazogusa zikirudi nyuma tu na usukani umekatwa. Zikienda mbele na usukani uleule, kimya. Kwa nini? Tairi ni lilelile, nafasi ni ileile.

#13 Mzee wa Difu

Bushi za mkono wa chini. Zikichoka, gurudumu linasogea mbele na nyuma mm kadhaa. Ukienda mbele barabara inalivuta kurudi nyuma, ukirudi nyuma inalisukuma kuja mbele. Kwa hiyo linalogusa wakati wa kurudi ni plastiki ya bampa. Badilisha bushi.

#14 Jeki ya Shamba

Si lazima ziwe zimechoka. Bushi mpya nayo ni mpira, inacheza. Muhimu ni kujua inagusa mbele au nyuma ya gurudumu. Ikiwa unarudi nyuma kwenye mlima na 4x4 imeingia, gurudumu la mbele linavuta kuelekea nyuma, basi litakwenda kwenye kikombe, kinyume na alichosema Mzee. Paka chaki kikombe na plastiki, rudi nyuma mara moja, shuka uangalie chaki imefutika wapi. Dakika tano.

#15 Nati Sita

Naongeza ya tatu: kasta, yaani mlalo wa egemeo la usukani kuelekea nyuma. Gari iliyoinuliwa mbele bila kurekebishwa inapoteza kasta, gurudumu linakaa nyuma kidogo ya mahali pake. Fundi wa alaimenti akizungusha zile bolti za mkono wa chini anaweza kulisukuma mbele mm 5 au zaidi. Ila ukilisukuma mbele mno unakimbia kikombe unakutana na bampa.

#16 Mtu wa Lami

Au ni madigadi ya mpira yamelegea tu. Kabla ya bushi na kasta angalia skrubu.

#17 Tope la Asubuhi

Turudi kwenye mada. Kwani upana wa nini? Kama ni urefu mnautaka, kuna 255/80R17. Kipenyo 839.8, ni refu kuliko 285/70 na ni jembamba. Enzi za 7.50R16 gari zilikuwa zinapita kila mahali na tairi jembamba kama la baiskeli. Tope lenye sakafu ngumu chini, tairi jembamba linakata linafika kwenye sakafu linashika. Pana linaelea juu linateleza.

Kwa wenye rimu za 16 kuna 235/85R16, kipenyo 805.9. Karibu sawa na 265/75R16 yenye 803.9, tofauti mm 2, ila jembamba kwa 30.

#18 Upepo Kwanza

Na tope lisilo na sakafu? Na mchanga? Jembamba linachimba kaburi lake.

Lakini mimi naona pana na jembamba ni ubishi wa watu wasiobeba kipima upepo. Chukua gari ya tani 2.4, kila gurudumu kilo 600. Kwa psi 35, ambayo ni kama kilo 2.46 kwa sentimita ya mraba, tairi linahitaji cm² 244 za kukanyagia. Shusha hadi 18, inakuwa kama 1.27, unapata cm² 473. Karibu mara mbili, na hujabadilisha saizi. Ugumu wa ubavu unapunguza kidogo hesabu hiyo lakini mwelekeo ni huo. Na nyayo haiongezeki sana kwa upana, inarefuka. Uso wa sentimita 20 unatoka urefu wa 12 kwenda 24. Tairi linakuwa kama mnyororo wa buldoza.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni ubavu mrefu wa kukunjika. Hapo ndipo rimu ya 20 inapokwama. 265/50R20 ina ubavu wa mm 132, ukishusha upepo rimu inakaribia mawe. 265/65R17 ina 172. Kipenyo cha nje hakipishani sana, kilichobadilika ni nani anapokea pigo, mpira au alumini.

Mchanga anza 18, ukikwama 15. Chini ya 12 kata kona taratibu, tairi linaweza kuvuka ukingo wa rimu likatoka. Ukirudi lami jaza kabla ya kukimbia.

#19 Dereva Zege

#17 rimu ya 16 si kila gari inakubali. Diski na kalipa za gari za miaka ya karibuni ni kubwa, rimu ya 16 inagonga kalipa. Ivalishe habu, zungusha kwa mkono duara zima, uhakikishe nafasi kwenye kalipa kila mahali kabla ya kufunga tairi juu yake.

#20 Mtu wa Lami

Mimi najua kitu kimoja, nunua 10PR. Nyuzi kumi, mwiba haupiti.

#21 Upepo Kwanza

10PR haina nyuzi kumi, mkuu. Ni daraja la nguvu lililobaki kutoka zama za matairi ya pamba. Tairi la sasa la 10PR lina tabaka mbili au tatu ubavuni. Herufi zake ni hizi: C ni 6PR, D ni 8PR, E ni 10PR. E inabeba mzigo wake wa juu kwa psi 80.

Na hapo ndipo watu wanapojiumiza. Stika ya mlangoni inasema psi 29 au 33 kwa tairi la kawaida. Unafunga LT la E unaweka 29 kwa kuwa stika imesema. Tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule. Kwa 29 na mzigo nyuma, ubavu unakunjika kila mzunguko, unapata moto, unapasuka kwa ndani kabla hujaona chochote nje. Tafuta jedwali la mzigo na upepo la tairi lako.

Kwa haraka wengi hutumia njia hii: pima upepo asubuhi matairi yakiwa ya baridi, tembea nusu saa au zaidi kwa mwendo wako, pima tena. Tairi la kawaida la gari ya 4x4 likipanda psi 4, sawa. LT, psi 6. Likipanda zaidi, lilikuwa na upepo mdogo. Likipanda pungufu, ulijaza sana.

#22 Nati Sita

Hiyo ya 4 na 6 ni kanuni ya mkono, jua kali upande mmoja wa gari linaiharibu. Pima kivulini.

Na soma namba ya mzigo. 112 ni kilo 1120. 116 ni 1250. 121 ni 1450. LT inaandikwa mbili, 121/118, ya pili ni kwa ekseli yenye matairi mawili kila upande, wewe soma ya kwanza. Usishuke chini ya namba ya kiwandani hata kama tairi ni kubwa zaidi kwa macho. Herufi ya mwisho ni mwendo: Q 160, R 170, S 180, T 190.

#23 Dereva Zege

Samahani natoka nje ya mada. Gari ina rimu za sport za kununua, matairi mapya ya AT, usukani unatetemeka kati ya 95 na 105. Chini ya hapo na juu ya hapo umetulia. Balansi mara mbili. Tatizo nini?

#24 Jeki ya Shamba

Tundu la katikati la rimu. Habu ya Hilux ni 106.1. Rimu nyingi za dukani zimetobolewa 110 ili ziingie magari mengi. Kunabaki mm 1.95 kila upande, rimu inakaa pembeni kidogo. Mashine ya balansi inaishika katikati kwa koni yake, ndiyo maana inasema sawa. Weka ringi ya kujazia 110 kwa 106.1.

#25 Nati Sita

Sikubali. Rimu yenye nati za koni inajiweka katikati kwa koni, habu haihusiki sana. Uliza nati kwanza. Rimu nyingi za alumini za Toyota za kiwandani zinatumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu za dukani zinataka koni ya digrii 60. Mtu akihamisha nati za zamani kwenye rimu mpya, hakuna kinachoweka rimu katikati, na mbaya zaidi nati inalegea. Funga gurudumu likiwa hewani, kwa mkono kwanza, kwa kuruka nyota, ndipo ushushe umalizie kwa spana ya kupimia nguvu. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kiasi cha kukaza kiko kwenye kitabu cha gari, na cha rimu ya chuma si cha alumini, usichanganye.

#26 Upepo Kwanza

Angalia tairi lenyewe. Ubavuni karibu na rimu kuna mstari mwembamba unaozunguka. Umbali wake hadi ukingo wa rimu uwe sawa duara zima. Ukiona sehemu umezama, tairi halijakaa. Toa upepo, sukuma ubavu ndani, paka sabuni, jaza upya, usivuke psi 40 wakati wa kulikalisha. Likigoma, toa tena, lizungushe nusu duara juu ya rimu.

#27 Mzee wa Difu

Kabla ya yote tambua mtetemo ni wa nini. Kwa 100 km/h tairi la kipenyo hiki linazunguka kama mara 11 kwa sekunde. Propela inazunguka mara 3.9 ya hapo, kama 43. Mtetemo wa 11 unauona kwa macho, usukani unacheza mikononi. Wa 43 huuoni, unausikia chini ya kiti kama nyuki. Wake uko kwenye usukani, basi ni magurudumu ya mbele au viungo vya stelingi vilivyokuwa vimechoka na tairi zito limevifichua tu. Hamisha magurudumu ya mbele nyuma. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, ni gurudumu. Ukibaki kwenye usukani, ni viungo.

#28 Dereva Zege

Majibu manne, magonjwa manne 😅 Asanteni, naanza na chaki na sabuni.

#29 Rimu Pana

Wenye gari za matundu matano mnapimaje PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati)? Hakuna matundu yanayotazamana.

#30 Nati Sita

Katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jirani, zidisha kwa 1.7. Ukipata 88 ni 5x150 ya Land Cruiser 100 na 200. 97 ni 165.1 ya Defender ya zamani. 82 ni 139.7 ya Jimny. Matundu sita ni rahisi, pima yanayotazamana. Ila 6x139.7 kulingana hakutoshi: Pajero habu ni 67.1, Hilux 106.1. Rimu ya Pajero haiingii Hilux, na ya Hilux ikiingia Pajero inabaki na shimo la sentimita karibu mbili kila upande.

#31 Tope la Asubuhi

Spea bado. Mnafunga manne ya 831 na chini inaning'inia ya 776. Pancha ya nyuma ikitokea, usiweke ndogo nyuma. Difu ya nyuma itazungusha gia zake za ndani bila kupumzika kwa tofauti ya asilimia 7. Toa kubwa moja ya mbele ipeleke nyuma, ndogo ikae mbele, tembea 2H (nguvu nyuma tu), taratibu. Gari za 4x4 ya kudumu hazina hata njia hiyo, hapo difu ya katikati inapata shida gurudumu lolote likipishana. Kashata zikipishana mm 1 tu, mzunguko unapishana mm 6.

#32 Kashata Nene

Nimepima kama alivyoagiza Jeki, gurudumu juu ya gogo. Nyuma hadi kikombe: kushoto 34, kulia 31. Mbele hadi plastiki: 22. Mkono wa juu: 19. Spea ina nafasi ya 40 kuizunguka.

#33 Jeki ya Shamba

Kulia inabaki 4. Mbele umepungukiwa 5. Bushi nzima inacheza kuliko hiyo 4.

#34 Nati Sita

Ndani inabaki 11.5, salama. Kikombe, sukuma kasta mbele 5 ufike 9, lakini mbele ndipo unapungukiwa 10. Plastiki itoke kabisa, si kukunjwa.

#35 Tope la Asubuhi

265/70R17. Nyuma 18, mbele 9. Nasema tena kwa herufi ndogo ili usione nimefurahi.

#36 Kashata Nene

Bado sijashindwa. 275/70R17?

#37 Mzee wa Difu

Kipenyo 816.8. Ongezeko ni 20 kila upande. Nyuma kulia inabaki 11, mbele 2. Difu inakuwa kama 3.72. Plastiki ya bampa ipashe moto kwa kikausha nywele kabla ya kuisukuma, ikiwa baridi inapasuka. Na ukiyapata chukua matano, soma zile tarakimu nne ubavuni kwanza: mbili ni wiki ya kutengenezwa, mbili ni mwaka.